Sukari imeshuka, mbona macho bado yanaharibika?

Baba yangu mdogo ana kauntabuku. Kila mstari una tarehe, saa, alichokula na namba iliyotoka kwenye mashine, mwandiko wa kidereva, herufi kubwa zinaegemeana kama lori lililopakia vibaya. Kurasa za mwaka huu ukizipitia unaweza kumpa cheti: 6.1, 5.8, 7.0, 6.4. Asubuhi anatoka Chumbageni kwa miguu mpaka Raskazone na kurudi, soda kaacha, ugali kaupunguza mpaka shangazi analalamika kwamba sufuria linabaki. Mwezi uliopita akaenda kupima macho, akaambiwa mishipa midogo ya nyuma ya jicho inavuja, inabidi apigwe leza. Jioni akanipigia, hata salamu hakumaliza.

"We si ndo msomi wa familia, hebu niambie. Miaka minne naishi kama mgonjwa wa mfano. Mbona macho yanakwenda tu? Au hizi dawa wanatuuzia feki?"

Nikamwambia baba mdogo nipe muda kidogo nitakupigia. Nilichukua wiki mbili, na nilichokikuta kimebadilisha kabisa namna ninavyouona huu ugonjwa, ndo maana naandika hapa.

Jibu lenyewe halihusu dawa feki. Linahusu miaka sita ya mwanzo. Siku aliyogundulika alikuwa na 19 asubuhi kabla hajala kitu, enzi hizo anaendesha lori Dar mpaka Tunduma mpaka Lubumbashi, na kwa miaka sita iliyofuata alikuwa anameza dawa akijisikia vibaya na kuziacha akijisikia vizuri, katikati kapitia mlonge, mwarobaini, unga wa mbegu za sijui nini aliouziwa Mbeya, na kila akiulizwa anasema sukari tumeshazoeana. Anaisema kama anamzungumzia mpangaji. Afu kidole cha mguu kikapata kidonda hakiponi, akaogopa, akabadilika kweli. Waswahili tunasema dawa ya deni kulipa, yeye kalipa, miaka minne analipa bila kukosa, na mdai bado anagonga mlango.

Sasa hii habari ya mwili kuendelea kudai wakati sukari imeshashuka siyo ya baba mdogo peke yake, ina historia nzima na imepimwa vizuri kuliko vitu vingi kwenye tiba. Mwaka 1983 Marekani na Kanada walianza utafiti unaitwa DCCT, watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza, wale wanaotegemea insulini tangu utotoni au ujanani. Wakagawanywa mafungu mawili. Wa kwanza wakabanwa haswa, sindano tatu au zaidi kwa siku au pampu, kujitoboa vidole kila mara, na kipimo cha miezi mitatu, kile cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita na kinasomwa kwa asilimia, kikakaa kwenye 7 hivi. Wa pili wakaendelea na sindano moja au mbili kama ilivyokuwa kawaida wakati huo, wakakaa kwenye 9. Ilipofika 1993 utafiti ukasimamishwa mwaka mzima kabla ya muda wake maana matokeo yalishakuwa wazi, kwa walioanza wakiwa na macho mazima hatari ya macho kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76 kwenye fungu lililobanwa. Mpaka hapo hakuna cha kushangaza, sukari ikishuka mwili unapona, hata bibi yangu angekwambia.

Cha kushangaza ni kilichofuata. Utafiti ulipoisha wote wakafundishwa ile tiba ya kubana, wakarudi kwa madaktari wao, na watafiti wakaendelea kuwafuatilia. Walioachiwa zamani wakashuka, waliobanwa zamani wakalegea kidogo si unajua binadamu, ndani ya miaka michache mafungu yote mawili yakakutana kwenye 8 hivi. Sukari sawa, dawa sawa. Ungetegemea na madhara yalingane basi, lakini wapi, waliobanwa mwanzo waliendelea kuwa na macho na figo bora mwaka baada ya mwaka, na ilipofika 2005 ikaripotiwa kwamba matukio ya moyo na mishipa kwao yalikuwa pungufu kwa asilimia 42. Sukari ya leo ni ileile ila mwili unahukumu kwa sukari ya miaka kumi iliyopita.

Uingereza wakakuta kitu hichohicho kwa kisukari aina ya pili, hiki cha akina baba mdogo. Utafiti wao wa UKPDS ulianza 1977, watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegundulika karibuni, na ulipoisha 1997 tofauti ya sukari kati ya makundi ilipotea ndani ya mwaka mmoja tu. Lakini walipohesabu tena miaka kumi baadaye, mwaka 2008, wale waliobanwa tangu mwanzo waliokufa walikuwa wachache zaidi na waliopata mshtuko wa moyo wachache zaidi, na waliokuwa kwenye metformini ndo walifaidi zaidi, vifo vilipungua kwa asilimia 27. Metformini hii hii, kidonge kikubwa cheupe kinachosumbua tumbo ambacho watu wanakiacha wiki ya pili.

Watafiti wakaipa hali hii jina la kumbukumbu. Na hapa likazuka swali ambalo mi nadhani ndo tamu kuliko yote: hiyo kumbukumbu inakaa wapi? Kwenye damu tunayopima haiwezi kukaa. Kile kipimo cha miezi mitatu kinapima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, ikifa imekufa na siri zake. Baba mdogo hana hata chembe moja nyekundu iliyokuwepo enzi za Tunduma. Sehemu ya jibu ni protini zinazodumu muda mrefu, za ngozi, za figo, za kuta za mishipa, ambazo sukari ikishazinatia ndo basi. Sehemu nyingine, ile iliyonipotezea usingizi, iko kwenye jeni, yaani vinasaba vyenyewe.

Hapa lazima niende taratibu kidogo maana neno jeni likitajwa kwetu watu wanasikia "ya ukoo" na kufunga masikio.

Chukulia Kariakoo. Binadamu ana jeni kama 20,000 hivi, ichukulie kila jeni ni frem moja, na ramani ya frem zote hizo iko kamili ndani ya karibu kila seli ya mwili wako, ya ini, ya jicho, ya kisigino. Kinachofanya seli ya jicho iwe ya jicho ni frem zipi ziko wazi na zinatoa mzigo na zipi zimeshushwa shata. Kufungua frem na kutoa mzigo, hiyo ndo wanaita jeni kujieleza, na mzigo wenyewe ni protini. Sasa kwenye kila mlango kuna makufuli na alama, vikemikali vidogo vinavyobandikwa juu ya DNA au kwenye zile protini ambazo DNA imejiviringisha, vinasema hapa fungua hapa funga hapa fungua nusu. Ramani haibadiliki ila makufuli yanabadilika, kwa chakula, kwa mazoezi, kwa dawa, kwa njaa, na kwa sukari.

Mwaka 2008 watafiti wa Melbourne, Australia, walichukua seli za ukuta wa mshipa mkubwa wa damu wa binadamu wakaziweka kwenye sukari ya juu kwa saa 16, afu wakazirudisha kwenye sukari ya kawaida. Saa 16, yaani harusi ya Jumamosi jioni mpaka supu ya Jumapili. Siku sita baadaye seli zikiwa kwenye sukari nzuri kabisa, jeni moja kubwa inayowasha uvimbe na muwako ndani ya mshipa ilikuwa bado imefunguliwa, na zile alama kwenye mlango wake bado zimebandikwa. Naomba usiende kutupa pilau, hizo ni seli kwenye sahani ya maabara, mwili mzima una njia zake za kujirekebisha na harusi moja haiui mtu. Ila kama saa 16 zinaacha alama ya siku sita, miaka sita ya barabarani inaacha alama ya muda gani?

Kuna waliojaribu kulijibu hilo kwa watu kabisa. Wakarudi kwenye damu iliyohifadhiwa ya walewale wa DCCT, wakachagua sitini na kitu, wengine waliokuwa na sukari mbaya na madhara, wengine sukari nzuri bila madhara, wakalinganisha makufuli mwishoni mwa utafiti na tena miaka 16 hadi 17 baadaye. Matokeo yalitoka 2016. Sehemu kadhaa zilibaki na tofauti ileile muda wote huo, na iliyojitokeza kuliko zote ilikuwa jeni inaitwa TXNIP, kwa waliokuwa na sukari mbaya kufuli lake lilikuwa limelegea. Fikiria, damu imetengenezwa upya mara chungu nzima, kumbe viwanda vinavyoitengeneza bado vinafuata ile alama ya zamani.

Hii TXNIP inafaa kukaa nayo kidogo. Ni jeni ambayo sukari yenyewe inaifungua, sukari ikipanda nayo inajieleza zaidi, na protini yake ikizidi inavuruga ulinzi wa seli na kuzichosha zile seli za beta za kongosho, ambazo ndo zinatoa insulini. Insulini ikipungua sukari inapanda zaidi, frem inafunguka zaidi. Ng'ombe anajikamua mwenyewe maziwa anakunywa mwenyewe. Halafu kuna jambo moja linanifurahisha, iko dawa ya zamani ya presha inaitwa verapamil, iko kwenye maduka ya dawa miaka na miaka, ikagundulika inaipunguza TXNIP. Alabama wakaijaribu kwa watu 24 waliotoka tu kugundulika na kisukari aina ya kwanza, matokeo yakatoka 2018, kongosho zao zikaendelea kutoa insulini vizuri kuliko za waliopewa kidonge cha uongo, na 2023 jaribio la watoto na vijana likaonyesha mwelekeo huohuo. Haiponyi, na usikimbilie kuinunua maana inashusha presha na inagusa mapigo ya moyo. Ila inaonyesha kwamba ukijua frem ipi imefunguka unaweza kwenda kuigonga hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye "ya ukoo". Mi nadhani hili neno limeua watu wengi kuliko sukari yenyewe, maana likishatamkwa kikaoni kila mtu anakunja mikono, baba alikuwa nayo, bibi alikatwa mguu, zamu yetu inakuja. Ukoo upo, sikatai. Mwaka 2006 watu wa Iceland waliripoti jeni ya TCF7L2, ambayo mpaka leo ndo maarufu kuliko zote kwa kisukari aina ya pili, na ukiwa na ile aina mbaya nakala moja hatari inaongezeka kama mara 1.4, ukiwa na mbili inafika kama mara mbili au zaidi. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya, wakakuta sehemu nyingine kabisa, ZRANB3, ambayo haikuwa imeonekana kwa Wazungu kwa sababu nyepesi tu kwamba hawakuwa wanatupima sisi. Lakini angalia hizo sehemu ziko wapi: nyingi haziko kwenye maelekezo ya protini yenyewe, ziko kando, kwenye maeneo ya swichi. Yaani hata tunachorithi kwa sehemu kubwa ni tabia ya makufuli, wepesi wa kufunguka au kufunga, na kufuli jepesi halijifungui lenyewe bila mkono.

Kwetu Tanzania tuna ushahidi wa wazi kabisa wa hili. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa vijijini Tanzania, kisukari kikakutwa kwa karibu mtu 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ukakuta sukari iliyopanda kwa 9 kati ya 100 kwa watu wa miaka 25 mpaka 64. Vijiji siyo taifa zima na vipimo siyo vilevile, kwa hiyo usizidishe, ila hata ukipunguza nusu bado ni mruko mkubwa, na miaka 23 haitoshi hata kuzaa kizazi kimoja na robo. Jeni za Mtanzania hazikubadilika kati ya Mwinyi na Kikwete, kilichobadilika ni nani anazigonga.

Na upo ukoo wa kweli, ule wa jeni moja, ambao kwa kejeli ndo unaotibika kirahisi. Mwaka 2004 watafiti wa Exeter, Uingereza, walikuta watoto wanaopata kisukari wakiwa wachanga, chini ya miezi sita, kama theluthi moja ya waliowapima wana kosa kwenye jeni ya KCNJ11, ambayo inatengeneza mlango wa kupitisha potasiamu kwenye seli ya beta, na mlango huo ukikwama wazi seli haipati ishara ya kutoa insulini. Mlango huo unafungwa na glibenklamidi, kidonge cha bei rahisi ambacho wazee wetu wamekinywa miongo. Mwaka 2006 wakaripoti watoto na watu wazima 49, 44 kati yao wakaacha sindano za insulini wakahamia kwenye vidonge. Watoto waliokuwa wanachomwa kila siku tangu kuzaliwa! Kwa hiyo mtoto wa miezi minne akikutwa na sukari, kabla hujasema mapenzi ya Mungu, uliza kuhusu hiki kipimo.

Lakini kwa wengi wetu hoja inabaki kwenye miaka ya mwanzo, na kuna sababu nyingine nzito. Tulikuwa tunafundishwa seli za beta zinakufa tu, zikifa hazirudi. Mwaka 2012 watafiti wa New York wakaonyesha kwa panya kwamba nyingi hazifi, zinasahau kazi. Chini ya mzigo wa sukari muda mrefu seli inafunga frem zake za insulini na kurudi kwenye hali ya utoto, ipo pale pale kongosho, hai kabisa, ila haijui tena ni nani. Sasa unganisha na utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliotoka mwishoni mwa 2017: watu wenye kisukari aina ya pili kisichozidi miaka sita, wakaacha dawa, wakaishi kwa supu na vinywaji maalumu vya kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, afu wakarudishiwa chakula polepole. Baada ya mwaka asilimia 46 walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya sukari, na kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa 86. Seli zilikumbushwa. Mwaka wa pili walishuka mpaka 36, maana uzito unarudi, na ndo ukweli wenyewe, lakini ona lile sharti, miaka sita. Kadiri unavyochelewa kadiri seli zinavyosahau moja kwa moja.

Upande wa pili wa shilingi nao lazima usemwe maana kuna watu wakisoma hapa watakwenda kumbana mzee wa miaka 70 mpaka azimie. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, watu 10,251 wengi wakiwa na kisukari cha miaka kama kumi na hatari ya moyo, ulijaribu kuwashusha nusu yao mpaka chini ya 6 kwenye kipimo cha miezi mitatu. Kubana kukasimamishwa, waliobanwa walikufa 257 dhidi ya 203 wa fungu lingine. Hata DCCT iliona macho ya baadhi ya watu yakizidi kuharibika kidogo mwaka wa kwanza baada ya sukari kushushwa kwa kasi. Kubana ni tiba ya mapema. Ukija kubana baada ya miaka kumi na tano ya uzembe unafanya kwa upole na daktari yuko karibu, hufanyi kwa hasira.

Na kabla sijasahau, hiyo namba ya miezi mitatu tunayoiabudu, jeni zetu zinaweza kuidanganya. Malaria imetuachia vitu viwili kwenye damu. Cha kwanza ni kubeba nusu ya selimundu, ambayo tangu 1954 Anthony Allison alishaonyesha kwa kupima watu wa huku huku Afrika Mashariki kwamba inakinga na malaria. Cha pili ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, unaopita kwenye kromosomu ya X hivyo wanaume tunaubeba kirahisi. Mwaka 2017 zikatoka tafiti mbili: wenye nusu ya selimundu kipimo chao kilisoma chini kwa 0.3 kwa sukari ileile, na wanaume wenye ile aina ya Kiafrika ya G6PD kilisoma chini kwa kama 0.8, mojawapo ya sababu ikiwa chembe zao nyekundu zinaishi muda mfupi, hazipati nafasi ya kunatiwa sukari. Ukisoma 6.2 kumbe ni 7. Hizo tafiti zilifanywa zaidi kwa Wamarekani weusi, ila asili ya hizo jeni ni huku, pwani na kanda ya ziwa zimejaa. Kwa hiyo kama kidole kinasema 11 kila jioni na kipimo cha miezi mitatu kinasema uko vizuri, amini kidole.

Kidole chenyewe sasa. Nimekwenda na baba mdogo kliniki ya sukari, sitaitaja, zote zinafanana. Benchi refu, saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wameshapanga foleni hawajala tangu jana saa kumi jioni. Mama mmoja pembeni yangu akaniambia bila aibu kwamba yeye siku tatu kabla ya kliniki anakula mboga tu ili "nisigombezwe". Akatoka na 5.9, nesi akamsifia, kadi ikaandikwa 5.9, tukutane baada ya miezi miwili. Mi nimekaa pale najiuliza huyu nesi kasoma nini, kasoma siku tatu za mboga. Zile siku hamsini na saba zilizobaki frem ziko wazi, mzigo unatoka, makufuli yanalegea, na kadi inang'aa.

Nikisema hivyo simlaumu mama wala nesi. Nalaumu mpango mzima wa kumpa mgonjwa mpya kadi, pakiti ya metformini na maneno "punguza wanga", afu kumwacha aende kupambana mtaani na waganga wa redioni, wakati tunajua mwaka wa kwanza mpaka wa tano ndo mwili unaandika. Fedha tunazimwaga nyuma, mwili ukishaharibika, kwenye kusafisha figo, kwenye kukata miguu, kwenye leza ya macho. Mgonjwa wa figo akifika kwenye mashine anasafishwa mara mbili tatu kwa wiki maisha yake yote, bima inatapika hela na familia inauza kiwanja. Mgonjwa aliyegundulika jana anaambiwa strip, vile vibanzi vya kupimia vya mashine, ajinunulie. Boksi la strip hamsini kwa dereva wa bodaboda ni zaidi ya kazi ya siku nzima, kwa hiyo hapimi, kwa hiyo hajui kwamba chapati mbili na chai ya sukari inampeleka 15 saa nne asubuhi kila siku ya Mungu. Kama kungekuwa na kifungu kimoja cha hela cha kuhamisha, ningekihamishia kwa mgonjwa wa mwaka wa kwanza: mashine, strip za miezi kumi na miwili, mtu wa kumpigia simu, na kipimo cha macho siku ileile anayogundulika badala ya kusubiri aanze kuona nzi.

Na mazoezi, kwa kifupi maana mnayajua. Mwaka 2012 Wasweden walichukua watu wazima wasiofanya mazoezi wakawaendeshea baiskeli mara moja tu, wakakata kinyama kidogo cha paja kabla na baada, na alama za kwenye jeni za kuchoma sukari na mafuta zilikuwa zimebanduka palepale, kadiri mtu alivyokazana ndivyo zilivyobanduka. Alama zinabandikwa na zinabanduka. Hilo ndo lilinipa moyo wa kumpigia simu baba mdogo.

Nilimpigia Jumapili. Nikamweleza Kariakoo na frem, akaelewa haraka kuliko nilivyotegemea maana alishawahi kuwa na frem ya vipuri Gerezani. Akanyamaza muda mrefu, afu akauliza, kwa hiyo hii miaka minne nimetwanga maji? Nikamwambia hapana, bila hii miaka minne sa hivi tungekuwa tunaongelea upofu siyo leza, na figo zako hujaziuliza. Akasema sawa. Afu akauliza kuhusu Mwanaidi.

Mwanaidi ni binti yake, ana miaka 31, mimba ya pili alipata sukari ya mimba ikapotea alipojifungua, na kila mtu akasahau. Wiki iliyofuata kapimwa asubuhi kabla ya kula, 7.4. Wamerudia, 7.6. Yeye alishaanza kusema ndo ya ukoo hiyo, na mama mkwe alishamletea chupa ya dawa ya majani. Baba mdogo alipanda basi la saa kumi na mbili kwenda kwake Muheza na kauntabuku mpya ndani ya mfuko wa Rambo, pamoja na mashine yake mwenyewe.

Jana Mwanaidi kanitumia meseji: asubuhi 6.8, baada ya wali nazi 10.2, baada ya kuzunguka uwanja wa shule dakika ishirini 8.1. Nikamuuliza na baba atapimia nini sasa wakati mashine iko kwako. Kajibu: "Kasema yeye mwili wake ulishaandika. Strip zimebaki saba."